Mtoto anayekoroma kila usiku hapumziki

Wazazi wengi hunijia kwa shida nyingine kabisa. Mwalimu amelalamika kwamba mtoto hasikilizi darasani. Au anakohoa mwezi hadi mwezi na dozi za antibayotiki hazisaidii. Au ana miaka saba na bado anakojoa kitandani. Mimi ni daktari wa masikio, pua na koo, na wote hao nawauliza: usiku anakoroma? Jibu huja na tabasamu. "Anakoroma kama baba yake, dokta. Huyu usingizi anaupenda."

Mafua yakimkoromesha siku mbili tatu, sina wasiwasi. Lakini mtoto anayekoroma karibu kila usiku, mdomo wazi, kichwa amekirudisha nyuma, jasho linamtoka hata kukiwa na baridi, huyo anahangaika kutafuta hewa.

Mama mmoja alinionyesha video aliyoichukua kwa simu usiku wa manane. Mtoto wa miaka minne, amelala chali. Anakoroma, anakoroma, kisha kimya. Kifua kinaendelea kupanda na kushuka, nyama za katikati ya mbavu zinabonyea ndani, lakini hewa haipiti. Sekunde zinakwenda. Ghafla anashtuka, anavuta pumzi kwa nguvu, anajigeuza kifudifudi na kuinua makalio juu, na mkoromo unaanza upya. Mama alidhani mwanawe anaota.

Mara nyingi kinachoziba ni nyama za pua. Ziko nyuma kabisa ya pua, juu ya kimeo, mahali ambapo hutapaona hata mtoto akiasama vipi. Kila mtoto anazo, ni sehemu ya kinga ya mwili. Huwa kubwa zaidi kati ya miaka 3 na 7, wakati njia ya hewa yenyewe bado nyembamba, kisha husinyaa kadiri anavyokaribia kubalehe. Kwa wengine huvimba kupita kiasi, mara nyingi pamoja na tonsesi. Mzio wa vumbi huchangia, na moshi nao: wa mkaa, wa sigara, hata wa udi unaofukizwa kila jioni chumba anacholala mtoto.

Jambo hili si geni kwa udaktari. Wilhelm Meyer wa Copenhagen alizieleza nyama hizi mwaka 1868, na mwaka 1889 William Hill aliandika katika jarida la madaktari wa Uingereza kuhusu watoto wanaoonekana wazito wa akili kumbe tatizo liko puani na kooni. Inaniuma kuona leo hii mtoto bado anachapwa kwa kusinzia darasani.

Na wengi hata hawasinzii. Mtu mzima aliyekosa usingizi hupiga miayo, lakini mtoto mara nyingi huwa mtundu, hatulii, analia kwa jambo dogo, na jina la utukutu linamganda. Mwili nao unaumia. Homoni ya ukuaji hutoka kwa wingi katika usingizi mzito, na huyu usingizi wake unakatwakatwa usiku kucha huku nguvu nyingi zikiishia kwenye kuvuta pumzi. Ndiyo maana baadhi yao hawaongezeki uzito hata wakila vizuri. Hali ikiwa mbaya na ikadumu, oksijeni inayoshuka kila usiku huweza kuuelemea moyo.

Masikio ndiyo husahaulika zaidi. Kuna mrija mdogo unaounganisha sikio na nyuma ya pua. Nyama zikiuziba, majimaji mazito hujaa nyuma ya ngoma ya sikio. Hakuna maumivu, hakuna usaha, ila mtoto anasikia kwa mbali. Anasogelea runinga, ukimwita anauliza "eeh?", na akiwa mdogo maneno yanachelewa. Nyumbani wanasema ana kiburi. Na anayepumua kwa mdomo miaka mingi, kaakaa lake linaweza kuwa jembamba na meno ya mbele yakabanana.

Nyumbani unaweza kuanza hivi: weka kijiko cha bati kilichopoa chini ya pua ya mtoto akiwa amefumba mdomo. Pumzi huacha ukungu wa tundu zote mbili. Upande mmoja tu ukiziba, ukitoa kamasi lenye harufu mbaya, mlete haraka, huenda ameingiza shanga au harage. Ukishuku betri ndogo ya saa, usisubiri hata saa moja.

Nawaomba pia, msimpeleke mtoto kukatwa kimeo. Kimeo hakileti kikohozi wala hakizibi pua. Nimeona watoto waliofikishwa kwetu wakivuja damu na wengine wakiwa na maambukizi mabaya, na nyama za pua bado ziko palepale.

Si kila mtoto anahitaji kisu cha kuziondoa nyama hizi. Huanza na maji ya chumvi ya puani, kuondoa moshi na vumbi, na dawa ya kupulizia ya kupunguza uvimbe kwa wiki kadhaa. Yale matone ya dukani ya kuzibua pua si ya kutumia wiki nzima, maana pua huzoea na kuziba zaidi. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2013 ulifuatilia watoto 464 wa miaka 5 hadi 9 wenye tatizo hili ambalo halijawa kali sana. Baada ya miezi saba, vipimo vya usingizi vilikuwa vya kawaida kwa asilimia 79 ya waliofanyiwa upasuaji, na kwa asilimia 46 ya waliosubiri. Kwa hiyo kusubiri chini ya uangalizi ni tiba halali. Ila mtoto anayekata pumzi, asiyekua au asiyesikia, mimi simwachi asubiri. Upasuaji ni wa nusu kaputi, na kama ana selimundu tuambieni mapema ili tumwandae.

Kabla ya kuja, mrekodi akiwa amelala fofofo. Mvue fulana, washa taa hafifu, simu ionyeshe uso na kifua kwa pamoja, na sauti isikike. Dakika mbili zinatosha. Rekodi usiku ambao hana mafua.