Kusomea tiba ya usemi na lugha: yanayodhaniwa na yalivyo

Mwambie mtu kwamba unasomea shahada ya uzamili ya tiba ya usemi na lugha, na mara nyingi atakuuliza: miaka yote hiyo ya kumfundisha mtoto kutamka "r"? Anayeuliza hana nia mbaya. Shida ni kwamba dhana hiyo huwafuata hata waombaji wenyewe hadi darasani, wakakutana na neva za fuvu na picha za zoloto, yaani kisanduku cha sauti, wakati walijiandaa kwa kadi za picha na vitabu vya hadithi.

Kanuni nitakazozitaja ni za Marekani, kwa sababu huko uzamili ndio mlango wa lazima wa kuingilia taaluma hii. Uingereza mtu anaweza kusajiliwa akiwa na shahada ya kwanza ya fani hiyo. Kwa hiyo wanaobishana kama uzamili ni lazima au si lazima huenda wote wanasema kweli, ila kila mmoja anazungumzia nchi yake.

"Ni kazi ya matamshi ya watoto."

Matamshi ni eneo moja kati ya tisa ambayo chama cha kitaaluma cha Marekani, ASHA, kinamtaka mwanafunzi ayamudu. Mengine ni kigugumizi na mtiririko wa usemi, sauti, lugha yenyewe, usikivu, kumeza, utambuzi, mawasiliano ya kijamii, na njia mbadala za kuwasiliana kwa wasioweza kutumia sauti.

Linalowashangaza wengi ni kumeza. Mgonjwa wa kiharusi anaweza kupaliwa bila kukohoa hata kidogo: kinywaji kinaingia kwenye njia ya hewa na mwili hautoi ishara yoyote. Aliyekaa kando ya kitanda haoni kitu. Ndiyo maana mwanafunzi hufundishwa kusoma video ya eksirei, ambamo mgonjwa humeza chakula kilichochanganywa na bariamu, kemikali inayoonekana kwenye eksirei, na kufuatilia kinapopita koromeoni. Kisha inabaki kuamua. Kuvifanya vinywaji vya mgonjwa viwe vizito zaidi kunaweza kupunguza kupaliwa, lakini wengi hawavipendi, hunywa kidogo, na upungufu wa maji mwilini nao ni hatari. Hakuna jedwali litakalomwamulia mtaalamu. Akikosea upande mmoja ni nimonia, akikosea upande mwingine ni mtu anayedhoofika kwa kiu.

Halafu kuna afasia, yaani kupoteza uwezo wa lugha kwa sababu ya ubongo kuumia. Mwaka 1861, jijini Paris, daktari Paul Broca alieleza habari za mgonjwa aliyeweza kutamka karibu silabi moja tu, "tan", ilhali alielewa mengi aliyoambiwa. Mpaka leo familia nyingi hudhani aliyepoteza maneno amepoteza akili, na mara nyingine hata wahudumu huanza kumsemesha mtu mzima kama mtoto mchanga. Sehemu kubwa ya mafunzo ni kumvunja mwanafunzi tabia hiyo.

"Ukiwa na subira na ukiwapenda watoto, inatosha."

Vinasaidia. Lakini ASHA hutaka pia masomo ya biolojia, fizikia au kemia, takwimu na sayansi ya jamii. Sauti ni mawimbi na utafiti wa tiba huandikwa kwa namba. Anayeikimbia hesabu ajue itamsubiri huko.

"Lazima shahada yako ya kwanza iwe ya fani hiyohiyo."

Si lazima. Wapo wanaotoka isimu, saikolojia, ualimu, hata muziki. Wanachodaiwa ni kozi za msingi kama anatomia ya viungo vya usemi, fonetiki na ukuaji wa lugha ya mtoto. Programu ya kawaida huchukua takriban miaka 2, na kwa anayeanza na kozi hizo inaweza kufika 3.

"Mwenye kigugumizi au lafudhi ya kigeni hafai."

Hii ndiyo inayonikera kuliko zote, maana historia ya fani inaikanusha waziwazi. Charles Van Riper na Wendell Johnson, wawili kati ya waliojenga taaluma hii Marekani katika karne ya 20, wote walikuwa na kigugumizi. Kinachotakiwa ni uwezo wa kusikia kosa, kulieleza na kumwonyesha mteja sauti au mbinu inayolengwa. Lafudhi haizuii hayo.

Tena lafudhi yenyewe si ugonjwa, na mwanafunzi hupimwa kama analijua hilo. Chukua mtoto aliyekulia katika Kiswahili, anayejifunza Kiingereza na kutia irabu katikati ya konsonanti zilizofuatana. Anafuata kanuni za silabi anazozijua tayari. Tatizo halisi la lugha hujitokeza katika lugha zote mbili, kwa hiyo anayempima kwa Kiingereza peke yake anaweza kumbandika mtoto asiye na tatizo jina la ulemavu. Hapo ndipo anayejua lugha mbili anapokuwa na faida ambayo wenzake hawana. Na ushauri wa zamani wa kuwaambia wazazi waache lugha ya nyumbani hauna msingi: lugha mbili hazimsababishii mtoto ulemavu wa lugha.

"Ukimaliza darasa, umemaliza."

Darasa ni nusu ya safari. Cheti cha ASHA kinadai saa 400 za mazoezi ya kliniki: 25 za kutazama kwa mwongozo na 375 za kuhudumia wateja. Zinazohesabiwa katika hizo 375 ni hasa dakika za kazi na mteja, au na familia yake. Kuandaa kipindi hakuhesabiwi, kuandika ripoti hakuhesabiwi, na mteja asipofika umepoteza siku. Mwanafunzi anaweza kushinda kliniki tangu asubuhi akarudi na saa chache tu za kuandikisha. Msimamizi naye lazima ashuhudie angalau robo ya muda ambao mwanafunzi yuko na kila mteja, na hapo ndipo fani hujengeka, kwa sababu kuna mtu wa kukuuliza kwa nini ulibadilisha zoezi katikati.

Zaidi ya shahada kuna Praxis, mtihani wa kitaifa wa fani, na angalau wiki 36 za kazi ya muda kamili chini ya mlezi, jumla ya saa 1,260. Wengi hudhani hiki ni kipindi cha kujitolea. Kwa kawaida hulipwa mshahara. Leseni ni jambo jingine tena: hutolewa na jimbo kwa sheria zake, na cheti cha ASHA si mbadala wake.

"Programu za mtandaoni ni za daraja la pili."

La kuuliza ni kama programu imeidhinishwa na baraza la ithibati la fani. Zipo za mtandaoni zilizoidhinishwa, na wanafunzi wake hupelekwa hospitalini na shuleni kama wengine. Isiyoidhinishwa itakukwamisha hata kama ina majengo mazuri.

"Lazima uwe na shahada ya udaktari."

Hapa watu huchanganya na wataalamu wa usikivu, ambao nchini Marekani ndio wanaohitaji shahada ya kiwango cha udaktari. Kwa tiba ya usemi, uzamivu ni wa anayetaka kufundisha chuo kikuu au kufanya utafiti.

"Cheti kimoja kinafanya kazi duniani kote."

Vyama vya Marekani, Kanada, Uingereza, Ireland, Australia na New Zealand vina makubaliano ya kutambuana, lakini hata kati ya nchi hizo mtaalamu huomba upya na kutimiza masharti ya ziada, na leseni au usajili wa kisheria hushughulikiwa kando. Nje ya nchi hizo sita, kila mamlaka hupima nyaraka kwa kanuni zake, kwa hiyo muhtasari wa kozi na rekodi za saa za kliniki zenye saini ya msimamizi ziombwe kabla hujaondoka chuoni. Kuzitafuta miaka kadhaa baadaye, msimamizi akiwa amestaafu, ni kazi ngumu.