Kilele cha mpigo wa rada: mita ya wastani haitoshi

Magnetroni (taa inayozalisha mawimbi ya rada) ya kilowati 4 ikisoma wastani wa wati 0.67 kwenye mita, usiitupe. Rada ya boti ikiwekwa kuangalia karibu, mfano mlangoni mwa Shela au kwenye mkondo wa Mokowe, hurusha mpigo wa mikrosekunde 0.08, mara 2,100 kwa sekunde. Zidisha: hutuma kwa sehemu 0.000168 tu ya muda wote. Gawanya wati 0.67 kwa hiyo, unarudi kwenye kilowati 4.

Mafundi wengi huishia hapo, na hesabu huharibika papo hapo, kwa sababu urefu wa mpigo wameutoa kitabuni, hawakuupima. Mpigo ukirefuka hadi mikrosekunde 0.1, wastani utapanda hadi wati 0.84, nawe utaandika kilowati 5 kwa magnetroni inayotoa 4 ileile. Magnetroni iliyochoka nayo huruka mapigo: wastani unashuka, ilhali kila mpigo unaotoka una kilele kamili. Sensa ya joto, ile ya mita ya wastani, haitenganishi hayo.

Inatakiwa sensa ya dayodi ya mapigo, na si yoyote. Yenye bendi ya video (kasi ya kufuata umbo la mpigo) ya MHz 5 huchukua kama nanosekunde 70 kupanda, karibu mpigo mzima, kwa hiyo kilele huonekana cha chini kuliko kilivyo. Ya MHz 30 hupanda kwa nanosekunde 12 hivi, hiyo inafaa.

Zima rada, chomoa umeme, subiri kapasita za modulata (sehemu inayoilisha magnetroni mapigo ya volti) zitoe chaji. Mle mna maelfu ya volti. Funga kapla (kifaa kinachochota sehemu ndogo ya nguvu) ya desibeli 40 kwenye njia ya kutokea, mwisho wake mzigo bandia unaomeza nguvu badala ya antena. Kapla inakuachia kilele cha miliwati 400. Ongeza atenyueta (kipunguza nguvu) ya desibeli 20 ubaki na miliwati 4. Soma vikomo vyote viwili vya sensa, cha wastani na cha kilele. Kisha washa, acha magnetroni ipate moto, ndipo urushe.

Usijumlishe desibeli zilizoandikwa kwenye vibandiko vya vifaa. Pima kapla, kebo na atenyueta zikiwa zimeunganishwa, kwenye MHz 9,410. Kosa la nusu desibeli ni asilimia 12 ya nguvu, na kwa chumvi ya Lamu, hasa kusi likivuma, kiunganishi chenye kutu ya kijani hufika huko bila shida. Kisugue, au afadhali kibadilishe.

Kwenye skrini, ncha inayochomoza mwanzoni mwa mpigo si nguvu ya mpigo; soma sehemu ya juu iliyotulia. Urefu hupimwa kwenye nusu ya volti, ambayo kwenye mchoro wa nguvu ni robo. Ukipima kwenye nusu ya nguvu, mpigo wenye kingo za mteremko utauona mfupi kuliko ulivyo.

Ukiwa na spektramu analaiza (kifaa kinachoonyesha nguvu kwa kila masafa) pekee, jua kwamba kichujio kikiwa chembamba kuliko idadi ya mapigo kwa sekunde, mstari wa katikati husoma desibeli 75 chini ya kilele kwa mpangilio huu. Magnetroni haina kosa.