Madoa ya maji kwenye ukuta mpya wa matofali: yametoka wapi?

Doa kwenye ukuta wa matofali linaonyesha mahali maji yanapokaukia. Mahali yalipoingilia mara nyingi ni kwingine kabisa, pengine mita mbili juu yake, pengine chini ya sakafu. Wenye nyumba wengi huku Magharibi mwa Kenya, kuanzia Kisumu hadi Bungoma, hupaka rangi juu ya doa, mvua inanyesha, doa linarudi, wanapaka tena. Nyumba yenyewe imekula akiba ya miaka na mkopo wa sacco bado unalipwa. Inauma kuona pesa nyingine zikiishia kwenye ndoo za rangi ya kuzuia maji ilhali hakuna aliyeuliza maji yenyewe yanatoka wapi.

Tuanze na doa lenyewe. Tofali la kuchoma lina vitundu vidogo visivyohesabika, na hunywa maji. Maji yakiwa ndani huyeyusha chumvi inayokutana nayo, kisha jua na upepo vikiyavuta hadi usoni mwa ukuta, maji yanakauka na chumvi inabaki. Huo ndio ule unga mweupe unaofanana na majivu. Ili utokee lazima kuwe na chumvi, kuwe na maji ya kuiyeyusha, na kuwe na njia ya maji kutoka nje. Chumvi huwezi kuimaliza ukutani. Kinachoweza kuzuiwa ni maji, kwa hiyo kazi yote ni kuyatafuta.

Chumvi hizo hutoka kila mahali. Simiti yenyewe inazo. Udongo uliofinyangwa kuwa tofali unazo, hasa ukichimbwa kwenye bonde la maji. Nakuru na sehemu nyingine za Bonde la Ufa, maji mengi ya visima virefu yana magadi, na fundi akichanganya udongo wa kujengea kwa maji hayo anakuwa ameipanda chumvi ndani ya ukuta kwa mkono wake. Kisumu maji ya ziwa hayana chumvi nyingi, kwa hiyo hayaleti tatizo hilo. Lakini vijijini Vihiga, Kakamega au Siaya kuna jambo lingine ambalo watu hawalifikirii: nyumba mpya hujengwa mahali palipokuwa zizi la ng'ombe au karibu na choo cha zamani. Udongo wa hapo umejaa chumvi za mkojo na samadi, na chumvi za aina hii huvuta unyevu kutoka hewani. Matokeo yake doa hukolea siku ya mawingu hata kama hakuna tone lililoingia ukutani, kisha hufifia jua likiwaka. Ukiona doa la tabia hiyo chini ya ukuta, uliza wazee wa boma palikuwa na nini kabla hujamlaumu fundi.

Kabla ya kwenda mbali, gusa doa. Unga mweupe ukipotea unapoupitishia kidole chenye maji, hiyo ni chumvi inayoyeyuka kwa urahisi. Usipopotea, dondosha siki kidogo. Ukitoa povu, hiyo ni chokaa iliyotoka kwenye simiti, na mara nyingi inaonyesha maji yamekuwa yakipita mahali hapo hapo kwa muda. Doa la kijani au jeusi ni kuvu au mwani, dalili kwamba hapo hapakauki. La kahawia linaloteremka kama mstari ni kutu ya hupaini (ule ukanda wa chuma unaolazwa kati ya mistari ya matofali) au waya uliowekwa karibu sana na uso wa ukuta. Na ule mkanda mwekundu unaozunguka nyumba kimo cha goti ni udongo tu, uliorushwa na matone ya mvua. Kakamega, ambako mvua hushuka kwa nguvu karibu kila alasiri wakati wa msimu, mkanda huo hautakosekana kama maji ya paa yanaanguka moja kwa moja chini. Gata, pamoja na kokoto au sakafu nyembamba ya zege kuzunguka nyumba, huumaliza.

Sasa swali la wakati. Nyumba mpya ina maji yake yenyewe, na hili ndilo linalosahaulika kuliko yote. Mfuko wa simiti wa kilo 50 huchanganywa na lita 25 hadi 30 za maji. Simiti inahitaji kama lita 12 tu ili igande. Zilizobaki hazina kazi nyingine ila kutoka. Nyumba iliyokula mifuko 300 ina karibu lita 4,000 au zaidi za maji ya ziada kwenye msingi, sakafu, kuta na plasta, na hapo hujahesabu ukuta ulivyomwagiliwa wiki nzima ili ukomae, wala mvua zilizoupiga kabla ya mabati kupanda. Maji hayo hutoka polepole. Kadirio linalotumika sana ni mwezi mmoja kwa kila inchi ya unene, ukuta ukikaukia upande mmoja. Ukuta wa inchi 6 basi unaweza kuchukua nusu mwaka, na ukikamilika Februari kisha masika ikaupiga kuanzia Machi hadi Mei, ongeza.

Unga mweupe uliotapakaa karibu ukuta mzima, mwepesi, bila mpaka maalum, kwenye nyumba ambayo haijamaliza mwaka, kwa kawaida ni hayo maji ya ujenzi yanaondoka. Dawa yake ni subira na brashi kavu. Fagia unga, subiri, fagia tena. Kila mara utakuwa mchache kuliko uliopita. Kama haupungui, au unaongezeka baada ya kila mvua, hayo si maji ya ujenzi tena. Piga picha ya ukuta kila mwisho wa mwezi ukiwa umesimama mahali pamoja, na uandike ilinyesha lini. Picha nne tano zitakuambia mengi kuliko mabishano ya mafundi watatu.

Baada ya wakati, angalia kimo. Unyevu unaotoka ardhini hupanda ndani ya tofali kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi, na mara nyingi huishia chini ya mita moja, ukiacha mstari wa chumvi unaopindapinda. Huonekana ndani na nje ya ukuta ule ule. Kilichotakiwa kuuzuia ni DPC, ule ukanda mweusi unaolazwa juu ya msingi kabla ya mstari wa kwanza wa matofali. Kuna nyumba ambazo DPC haikuwekwa kabisa, na nyingine iliwekwa ikiwa vipande vifupi visivyopandiana, au ikatobolewa kwa koleo. Lakini kosa ambalo mtu huona mara kwa mara zaidi hutokea baada ya fundi kuondoka. DPC inatakiwa iwe angalau milimita 150 juu ya ardhi, yaani kama urefu wa kalamu. Nyumba inaisha, mwenyewe anataka ua upendeze, analeta lori la udongo, anainua bustani hadi ukutani, anapanda maua. Au anamwaga zege la kuegeshea gari hadi likavuka ule ukanda. Au plasta ya nje inashushwa hadi ikagusa udongo. Hapo DPC iko pale pale, nzima, na haina kazi yoyote, kwa sababu maji yamepata daraja la kupita kando yake. Chukua jembe, ondoa udongo kwenye mita mbili za ukuta mpaka uione DPC, uache wazi msimu mmoja. Sehemu ile ikikauka huku majirani zake zikibaki na doa, umepata jibu kwa gharama ya jasho tu.

Hata nyumba iliyojengwa vizuri inaweza kubadilikiwa na ardhi. Mwaka wa 2020 Ziwa Victoria lilipanda sana, na Ziwa Nakuru likaingia hadi kwenye makazi ya Mwariki. Ziwa likipanda, maji ya chini ya ardhi hupanda nalo, na misingi ya maeneo ya chini ya Kisumu kama Nyalenda na Dunga hukaa ndani ya unyevu ambao haukuwepo wakati wa kuchimba. Huko DPC haina mbadala.

Doa lililo juu ya tofali kavu halitoki ardhini. Nalisema wazi kwa sababu linasahaulika kila siku. Mfikirie mama aliyejenga nje kidogo ya mji wa Kakamega, nyumba ya matofali mekundu yasiyopigwa plasta nje. Doa jeupe liko kimo cha kiuno, chini ya dirisha la sebule, pana juu na jembamba kwenda chini. "Fundi, si uliniambia DPC iliwekwa?" anauliza. "Iliwekwa, mama, na wewe mwenyewe ulikuwepo." Wote wawili wanaangalia chini, wakati mistari mitatu ya matofali iliyo juu ya msingi imekauka kabisa, mekundu, safi. Maji hayawezi kupanda kutoka ardhini yakaruka mistari mitatu. Kizingiti cha dirisha, lile zege linalotokeza nje, kilipaswa kuteremka kidogo kuelekea nje na kuwa na mfereji mwembamba upande wake wa chini, unaofanya tone lidondoke. Pitisha kidole chini yake. Kama ni laini, hakuna mfereji, maji ya mvua hujikunja, yakatambaa chini ya kizingiti hadi ukutani, yakanywewa na tofali la kwanza. Mfereji wa kidole kimoja, ambao kuuweka wakati wa ujenzi kusingegharimu chochote.

Umbo la doa hufundisha. Pana juu na jembamba chini, maji yanatoka juu yake. Madoa yanayoanzia chini ya paa hutokana na gata iliyoziba majani, kiungo cha gata kilichoachia, au mabati yaliyokatwa mafupi yakashindwa kuvuka fashia, ule ubao wa ukingoni mwa paa. Mstari mmoja mrefu ukutani, wa kijani, angalia bomba la tangi la kutolea maji ya ziada. Tangi likijaa na koki ya boya isifunge, maji hutiririka usiku kucha, na mchana ukuta unaonekana umelowa bila mvua.

Doa la mviringo lisilojali mvua wala kiangazi, hasa nyuma ya bafu au jikoni, ni bomba. Funga kila koki ya maji jioni, funga na maji yanayoingia tangini, weka alama ya chaki kwenye kimo cha maji ndani ya tangi. Asubuhi yakiwa yameshuka, kuna pahali yanavuja.

Majaribio mawili zaidi husaidia penye utata. Kausha sehemu ya ukuta kwa ndani, bandika kipande cha karatasi ya nailoni kwa gundi pande zote nne, subiri siku mbili. Matone yakiwa nyuma ya nailoni, maji yanatoka ukutani. Yakiwa mbele, ni mvuke wa chumba, wa kupika na wa nguo zilizoanikwa ndani, na dawa yake ni kufungua madirisha. La pili ni la mpira wa maji, na linafanywa vibaya karibu kila mara. Watu huanza kumwagia juu. Maji yanateremka yanalowesha kila kitu, na hakuna anayejua yalipoingilia. Anza chini. Mwagia mstari wa chini tu kwa dakika kumi na tano, mwenzako akiwa ndani na tochi. Pakiwa pakavu, panda hadi chini ya dirisha, kisha pembeni mwa dirisha, kisha juu yake. Mahali unapomwagia wakati unyevu unatokea ndani ndipo mlango wa maji ulipo.

Tofali lenyewe nalo lichunguzwe. Kwenye tanuri la kuni, matofali ya pembeni hayapati moto wa kutosha. Huwa na rangi hafifu, na ukiyagonganisha mawili hayalii, hutoa sauti ya udongo. Hayo hunywa maji kupita kiasi, na mabaya zaidi, chumvi hugandia ndani ya ngozi yake badala ya juu, ikaisukuma mpaka ikabanduka vipande. Ukiona uso wa tofali unamomonyoka ilhali jirani yake mzima, tatizo la tofali limeungana na la maji. Libadilishwe, lakini baada ya maji kuzuiwa.

Kuna mambo nakuomba usiyafanye kabla ya kupata chanzo. Usioshe unga mweupe kwa mpira wa maji. Unaiyeyusha chumvi na kuirudisha ndani. Usitumie ile asidi ya kusafishia taili. Inakula simiti kati ya matofali na kuacha chumvi mpya. Na usifunike ukuta wenye maji kwa rangi ya kuzuia maji au plasta nzito. Maji yaliyofungiwa hayatoweki, hupanda juu zaidi au kutokea upande wa ndani, nyuma ya kabati na kitanda cha mtoto.

Kama nyumba imejengwa na kontrakta, mikataba mingi Kenya hutoa kipindi cha kurekebisha kasoro, mara nyingi miezi 6, huku sehemu ya malipo ikibakizwa. Mimi ningejitahidi kipindi hicho kipite kwenye masika au vuli, na nisingeachilia pesa zilizobaki kabla ukuta haujaonja mvua. Ukiona doa, lipigie picha, andika tarehe, andika lilipo na kimo chake, na umpelekee kontrakta kwa maandishi kabla muda haujaisha. Rangi mpya iliyopakwa siku chache kabla ya kukabidhiwa nyumba, kwenye ukuta mmoja tu, inastahili kuulizwa kwa nini.