Baharia na Hofu Zake: Zipi za Kweli, Zipi za Kubuni

"Ukipiga mluzi melini, utaita tufani." Upepo hausikii mluzi, huletwa na tofauti za mgandamizo wa hewa. Mwiko wa kutoondoka Ijumaa nao ni maneno tu. Ule wa kwamba mwanamke huleta mkosi chomboni ndio mbaya zaidi, kwa sababu umewanyima watu kazi. Siku hizi kuna manahodha wanawake kwenye meli za mizigo na za abiria, na bahari haijawabagua.

Ila si kila simulizi ya baharia ni porojo. Kwa muda mrefu mabaharia walieleza juu ya wimbi moja kubwa kupita kiasi, linaloinuka ghafla katikati ya mengine, na wataalamu wengi wakaona wanatia chumvi. Tarehe 1 Januari 1995, kipimo kwenye jukwaa la gesi la Draupner, Bahari ya Kaskazini, kilinasa wimbi la mita 25.6, wakati mawimbi makubwa ya saa hiyo yalikuwa ya mita 12 hivi. Mabishano yakapungua.

"Kinachomuua baharia ni dhoruba." Dhoruba huua, lakini kuna mauti mengine yanayomngoja bandarini, maji yakiwa shwari. Kutu hula oksijeni. Mbao na makaa ya mawe vilevile. Chumba cha shehena au tangi lililofungwa kwa siku kadhaa huonekana tupu na salama, kumbe hewa yake haimfai binadamu. Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 21 hivi. Ikishuka chini ya asilimia 10, mtu anaweza kuzimia kabla hajajua kuna tatizo. Hakuna harufu wala moshi. Kisha mwenzake anachungulia, anamwona kalala chini, anateremka mbio kumwokoa, naye anaanguka juu yake. Ndiyo maana katika ajali hizi waokoaji wengi hufa pamoja na waliotaka kuwaokoa. Mlango hufunguliwa, hewa huingizwa na kupimwa kwanza. Aingiaye kuokoa huvaa mtungi wa hewa. Ujasiri bila mtungi ni maiti ya pili.

"Tone la pombe hupasha mwili joto." Huipeleka damu kwenye ngozi, joto likatoka. Na maji ya bahari hayakati kiu: kila lita ina chumvi gramu 35 hivi, na figo hutumia maji mengi kuliko uliyokunywa ili kuitoa.

"Baharia hutalii dunia bure." Labda zamani. Meli ya makontena mara nyingi hukaa gatini saa chache tu, na baharia huuona mji kwa mbali, nyuma ya kreni. Raha ya kazi ipo huko nje: nyota zisizofifishwa na taa za nchi kavu, pomboo wakicheza mbele ya omo, ncha ya mbele ya chombo.

"Baharia halisi hatapiki." Admirali Nelson wa Uingereza aliingia jeshi la majini akiwa mtoto, na kichefuchefu cha bahari hakikumwacha maisha yake yote.