pH ni nini kwa anayepanda kwenye makumbi ya nazi

pH ni kipimo cha asidi au alkali iliyomo kwenye maji. Huanzia 0 hadi 14. Chini ya 7 ni upande wa asidi, ziliko ndimu na siki. Juu ya 7 ni upande wa alkali, yaliko magadi. Aliyekibuni ni mkemia wa Denmark, Søren Sørensen, mwaka 1909, alipokuwa katika maabara ya Carlsberg, watengeneza bia. Linalowapita wengi ni kwamba kila hatua moja ni mara kumi: maji ya pH 5 yana asidi mara kumi ya maji ya pH 6, na mara mia ya maji ya pH 7. Kwa hivyo ukiambiwa "imepanda moja tu", hiyo si tu.

Vumbi la makumbi, lile linalouzwa limeshindiliwa kama matofali na wengi wakiliita kokopiti, halina chakula cha maana. Nyanya au hoho iliyopandwa humo hula kile unachoiletea kwa maji. pH ndiyo inayoamua ni kipi kati ya chakula hicho kitabaki kimeyeyuka mzizi ukiweze. Ikipita 6.5, madini ya chuma, manganizi na zinki huanza kuadimika kwa mmea, na ikizidi kupanda fosforasi nayo hushikamana na kalsiamu. Ikishuka sana chini ya 5.5, kalsiamu na magnesiamu ndizo zinazopatikana kwa shida. Ndiyo sababu wanaopanda kwenye makumbi hulenga baina ya 5.5 na 6.5, na wengi hupenda 5.8 hadi 6.2. Ukiona majani machanga ya juu yamegeuka manjano na mishipa yake ingali kijani, usikimbilie kuongeza mbolea. Huenda chuma kimo tele, ila mmea haukipati.

Makumbi yenyewe kwa kawaida hayana ukorofi. pH yake huwa kati ya 5.5 na 6.8. Mombasa, wa kushukiwa kwanza ni maji. Kisiwa hiki kimekaa juu ya mawe ya matumbawe, hayo hayo yaliyojengewa Fort Jesus na kuchimbwa Bamburi kwa ajili ya saruji. Mawe hayo ni chokaa, na maji ya kisima yakipenya humo huiyeyusha na kubeba baikaboneti, yaani chokaa iliyoyeyuka inayopinga asidi. Maji ya mfereji nayo yana asili mbalimbali: Mzima, Baricho, Marere, Tiwi. Usichukue vipimo vya rafiki yako wa Nyali ukavitumia Likoni.

Hiyo baikaboneti ndiyo kiini cha mambo, na pH peke yake haikuonyeshi. Chukua ndoo mbili, zote zinasoma 7.5. Ya kwanza ina baikaboneti kidogo: matone machache ya asidi na imeshuka. Ya pili imejaa baikaboneti: inameza asidi, inashuka shingo upande, na ukiinyweshea mimea bila kuitibu, wiki baada ya wiki inayapandisha makumbi yote. Dalili ya bure ni birika la chai. Likifanya ukoko mweupe ndani, maji yako ni ya ndoo ya pili.

Tia mbolea kwanza, koroga, ndipo upime, maana mbolea nyingi huishusha pH zenyewe. Kisha rekebisha kwa asidi ya fosforiki kidogo kidogo, ukivaa glavu, na asidi ndiyo imwagwe kwenye maji, kamwe si maji kwenye asidi. Ndimu? Kwa makopo mawili ya mchicha barazani, sioni ubaya. Lakini vijidudu huila asidi yake na pH ikarudi juu, kwa hivyo mwenye kitalu asiitegemee.

Kuna na suala la chumvi, ambalo huchanganywa na pH. Pwani hii makumbi hufukiwa kwenye tope la bahari ili yalainike kwa kusokotwa kamba, na vumbi lililopita huko huja na sodiamu. Kushusha pH hakuiondoi. Suuza kwa maji baridi yasiyo na chumvi, loweka kwenye maji yenye kalsiamu naitreti, mbolea ya kalsiamu, ili kalsiamu iisukume sodiamu itoke, kisha suuza tena.

Ukitaka kujua hali ya kwenye mizizi, mwagilia hadi maji yatoke chini ya chungu, uyakinge, uyapime. Yakiingia 6.0 na kutoka 7, huenda baikaboneti imekusanyika. Matone ya kupimia pH, yanayogeuza rangi ya maji, yanatosha kwa hili; kipimo cha betri ni kizuri, mradi ukisawazishe kwa maji maalumu ya pH 4 na pH 7, la sivyo kitakudanganya. Na namba ikiyumba baina ya 5.7 na 6.3 siku hadi siku, iache. Anayetia asidi asubuhi na alkali jioni kuifukuza 6.0 kamili anaidhuru mimea kuliko hiyo namba.