Maana ya kuboresha saspensheni ya gari la njia mbovu

Saspensheni ni jumla ya springi, shokamzoba, bushi (vipande vya mpira kwenye maungio) na vyuma vinavyounganisha magurudumu na chesisi ya gari. Kuiboresha ni kuibadilisha ili ilingane na uzito ambao gari hubeba kweli na ardhi ambayo hupita. Wengi hudhani maana yake ni kuinua gari, ilhali kuinuka ni tokeo tu, na pengine ni tokeo lisilotakiwa.

Tuchukue Land Cruiser ya mfululizo wa 70, iliyoanza kuuzwa mwaka 1984, ambayo gereji za Arusha huirefusha na kuiwekea paa la kufunguka kwa ajili ya watalii. Nyuma hukaa juu ya springi za majani, yaani vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Gari likishaongezewa viti, friji, tangi la pili la mafuta na tairi mbili za akiba, kisha abiria na mabegi yao, majani hayo huwa yamekwisha kunyooka kabla safari haijaanza, na shimo la kwanza tu linatosha kuifanya ekseli, yaani mhimili unaobeba magurudumu, igonge chini ya chesisi. Hapo huhitajika springi zilizotengenezwa kwa mzigo huo. Lakini springi hizohizo, zikifungwa kwenye gari litembealo tupu, hulifanya lirukeruke na tairi kuachana na ardhi.

Springi hubeba, shokamzoba hutuliza. Ndani yake mna pistoni inayosukuma mafuta yapite kwenye vitundu vidogo, na kwa njia hiyo mdundo wa gari hugeuka joto. Katika barabara ya Naabi kwenda Seronera, ndani ya Hifadhi ya Serengeti, yenye mawimbi kama ya bati, pistoni hupanda na kushuka mara nyingi kila sekunde. Mafuta hupata joto kali na kuwa mepesi, hewa huchanganyika nayo, na povu linalotokea hupenya vitundu bila ukinzani wa kutosha. Dereva huhisi gari linaelea. Ndiyo maana shokamzoba za kazi nzito huwa nene, ili zibebe mafuta mengi zaidi, na nyingi hutiwa gesi ya nitrojeni yenye mgandamizo inayozuia povu.

Kuhusu kimo, springi zinazoinua gari sentimita 5 huinua chesisi na bodi, lakini difu, yaani gia zinazogawa nguvu ya injini kwa magurudumu, hubaki palepale, kwa kuwa imo ndani ya ekseli na ekseli hubebwa na tairi. Tairi iliyoongezeka kipenyo kwa sentimita 5 ndiyo huinua difu, nayo kwa sentimita 2.5 tu. Gari lililoinuliwa hupinduka kwa urahisi zaidi, usukani wake huweza kupoteza tabia ya kurudi katikati, na mipira ya breki, ile inayopitisha mafuta ya breki hadi kwenye magurudumu, huweza kuvutika kupita kiasi gurudumu linaponing'inia. Fundi anayefunga springi ndefu bila kuikagua mipira hiyo hajamaliza kazi, hata kama gari linapendeza machoni.

Kabla ya kununua chochote, zipime kwanza shokamzoba zilizopo. Baada ya mwendo mrefu kwenye barabara ya mawimbi, simamisha gari na usogeze kiganja karibu na kila moja, bila kuishika, kwani huweza kuunguza. Ikiwa tatu zina joto na ya nne imepoa, hiyo ya nne haifanyi kazi.