Gudulia la kikuku ni nini?

Gudulia la kikuku ni chombo cha udongo ambacho mpini wake ni bomba. Mirija miwili huchomoza juu ya tumbo la chombo, ikapinda na kukutana, na pale inapokutana hunyanyuka mdomo mmoja mwembamba. Wazungu waliona umbo hilo wakakumbuka kikuku, kile chuma anachokanyagia mpanda farasi. Wafinyanzi wenyewe hawakuwahi kumwona farasi. Aliletwa kwao, Peru, na Wahispania, karne nyingi baadaye.

Mafundi waliovuma kwa magudulia haya ni Wamoche wa pwani ya kaskazini ya Peru, takriban mwaka 100 hadi 800 BK, ingawa Wacupisnique, watu wa kale wa pwani hiyohiyo, walikuwa wameyafinyanga zamani kabla yao. Gurudumu la mfinyanzi halikuwepo. Udongo ulikandamizwa ndani ya kalibu ya vipande viwili, nusu zikaungwa, mshono ukalainishwa, kisha kikuku kikapachikwa kwa mkono. Ndiyo maana sura ileile ya mungu hukutwa kwenye vyombo kadhaa, kama ndugu wa tumbo moja.

Si kila gudulia lina mungu: yapo ya viazi, bundi, hata wagonjwa. Lakini anayerudi tena na tena ni yule mwenye meno ya jagwa na mkanda wa nyoka, mara anapambana na kaa mkubwa, mara ameshika kichwa cha mtu. Huitwa Ai Apaec. Wamoche hawakuacha maandishi, kwa hiyo hatukulipata jina hilo kwao. Mtafiti Rafael Larco Hoyle alilichukua kutoka Kimuchik, lugha ya pwani hiyo iliyoandikwa enzi za Wahispania. Mimi hulitumia kwa tahadhari, kama jina la utani.

Magudulia mengi yalizikwa na wafu, na hapo ndipo kikuku kilipopata kazi ya pili: kukadiria umri wa chombo. Mwaka 1948 Larco aliyapanga katika awamu 5 za wakati kwa kutazama urefu wa mdomo, ukingo wake na mpindo wa mirija, wala si sura ya mungu. Mpangilio huo unafaa zaidi mabonde ya Moche na Chicama. Kwa bonde la Jequetepeque, kaskazini zaidi, wanaakiolojia wameunda mwingine wa vipindi 3.